Feni Iliyonyamaza

Nilipostaafu ualimu mwaka 2009 nilifungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala hapa Tanga, katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Kazi ya kuchapa haikuwa ngeni kwangu. Ujana wangu niliupitisha mbele ya mashine ya chapa ya shule nikipiga mitihani kwenye stensili, katika miaka ambayo kompyuta kwetu ilikuwa kitu cha kusikia tu, kwani Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwake nchini mwaka 1974. Mashine ile nayo ilikuwa na kelele, lakini zilikuwa kelele za kazi: ukiinua vidole, inanyamaza. Kompyuta haiko hivyo. Huvuma hata ikiwa imekaa bure, na mtu aliyekulia kwenye mashine ya chapa hajui mvumo huo una maana gani. Kutojua huko ndiko ninakotaka kukusimulia, kwa sababu kulitaka kunipotezea kitu kikubwa kuliko kompyuta.

Kompyuta yenyewe niliinunua mwaka 2012 ikiwa mtumba, imekwisha kufanya kazi yake Ulaya na kuletwa huku kuanza maisha ya pili. Siku naitoa dukani nilijua rangi yake na bei yake, basi. Mezani nilimweka binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwepesi wa vidole na mpole wa maneno. Nilimlipa kwa mwezi, na kwa ujira huo alimtunza mama yake na wadogo zake wawili. Naomba msomaji alishike jambo hilo, maana nitalirudia.

Kelele zilianza mwishoni mwa mwaka 2013, kaskazi iliposhika. Asubuhi nikiwasha mashine ilitoa mlio wa kukwaruza, kama mtu anayesaga nafaka kwenye jiwe, na baada ya dakika kumi hivi mlio ukapungua na kuwa mvumo. Wiki zilivyopita ule mkwaruzo ukawa haupungui tena. Wateja wakaanza kupaza sauti ili wasikike. Siku moja binti akaniambia, "Mwalimu, hii mashine inalia. Si tumwite fundi aitazame?" Nikamjibu kwamba kelele hazijamuua mtu, na kwamba fundi akiingia mlangoni ni pesa. Nikaongeza sauti ya redio.

Hata hivyo kelele zilinikera, nami nikaamua kuwa fundi mwenyewe. Jumapili moja nilifungua kasha kwa bisibisi. Ndani nikaona feni ndogo, upana wake kama kiganja cha mtoto, imekaa juu ya bonge la alumini lenye mapezi mengi membamba. Ndiyo iliyokuwa ikilia. Nikaibandua karatasi ya nembo iliyokuwa katikati yake, nikadondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani, nikafunga. Nilipowasha, kimya! Nilijisifu siku nzima na nikamsimulia kila aliyepita kibandani. Kimya kile kilidumu siku tisa.

Kelele ziliporudi zilirudi na mwenzake. Sasa kila asubuhi kompyuta ilikataa kuendelea kuwaka. Ilitoa mlio mmoja, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwenye kioo chake kwamba feni ya prosesa ina hitilafu, ikasubiri mpaka mtu abonyeze kitufe ndipo iendelee. Binti alinionyesha maandishi yale. Kijana mmoja wa jirani, mteja wetu, akasema hilo ni jambo dogo. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguliwa kabla kompyuta haijawaka sawasawa, akazima onyo lile. Nilimpa soda. Kesho yake kompyuta iliwaka bila neno, na baada ya siku kadhaa hata mkwaruzo ukakoma. Kibanda kikawa kitulivu kama msikiti baada ya sala. Nilidhani nimeshinda.

Ndipo kazi ikaanza kuchelewa. Barua ya ukurasa mmoja iliyokuwa ikichukua dakika kumi na tano sasa ilichukua nusu saa. Picha za pasipoti zilikaa kwenye kioo zikifunguka nusu nusu. Januari ni mwezi wa fomu za shule, foleni ilifika barazani, na wateja wawili watatu wakanong'ona kwamba duka la barabara ya pili lina kasi zaidi. Mimi nilikaa pembeni kwenye kiti changu cha kamba, nikiangalia mikono ya binti, na hitimisho langu lilikuwa moja tu: binti amekuwa mzembe. Amezoea kazi, amezoea na mimi.

Yeye alijitetea mara moja tu. Aliniambia, "Mwalimu, asubuhi mashine iko sawa. Ikifika saa nne inachoka. Mchana hata herufi nikibonyeza inakuja baadaye." Nikacheka. Nikamwuliza tangu lini mashine ikachoka mchana, na kama na yenyewe ilikuwa haijanywa chai. Wateja waliokuwepo wakacheka nami. Mwisho wa mwezi nilimkata shilingi 15,000 katika ujira wake, nikamwambia kwamba mwezi wa pili ukiisha hivi hivi atafute kazi pengine. Hakusema kitu. Alizihesabu noti zilizobaki, akazifunga kwenye ncha ya kanga yake, akaaga.

Katikati ya Februari mwaka 2014 alikuja mama mmoja mjane kutoka Pangani. Alikuwa na karatasi ya mkono, maelezo ya kiapo cha mirathi ya marehemu mumewe, na alitakiwa ayafikishe mahakamani yakiwa yamechapwa kabla ya saa nane mchana. Binti alianza mara moja. Alikuwa ukurasa wa tatu, hajauhifadhi, kompyuta ilipozimika ghafla kama taa iliyokatiwa umeme, ilhali umeme ulikuwepo na feni ya darini ilikuwa ikizunguka. Nilimgombeza mbele ya yule mama. Nilimwita mzembe kwa sauti ambayo hata wa duka la pili waliisikia. Nakiri haya kwa sababu bila kuyakiri, yaliyobaki katika habari hii hayatakuwa na maana.

Binti hakunijibu. Alichukua ile karatasi ya mkono, akamwambia yule mama amfuate, wakatoka. Alikwenda kwenye duka la jirani, akaomba aazimwe kompyuta, akaanza upya tangu neno la kwanza. Kabla ya saa saba alikuwa amerudi na kurasa nne safi, na mama akapanda bodaboda kwenda mahakamani. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kumwita fundi.

Fundi alikuwa kijana wa makamo ya mwanangu wa mwisho. Hakuuliza mengi. Aliweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa upesi. Akafungua ubavu, akawasha mashine, akainama. Feni ilikuwa imesimama. Akaisukuma kwa ncha ya kalamu. Ikasogea robo mzunguko ikakwama. Akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio ambako kompyuta huonyesha joto lake yenyewe, tukasoma: nyuzijoto 97, na hiyo ni dakika chache tu baada ya kuwashwa. Kisha akasema, pasipo kumtazama mtu, "Feni hii imekufa zamani. Lakini mashine hizi hutoa onyo. Nani alizima onyo?"

Swali lile liliingia kibandani likakaa. Binti alitazama chini. Angeweza kusema, hakusema. Nikasema mimi.

Alichonieleza fundi baada ya hapo nakiandika kwa kirefu kidogo, kwani pengine nawe unayo mashine inayolia. Prosesa, ndiyo akili ya kompyuta, ni kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Yangu ilikuwa ya ukoo wa Core 2 Duo uliotolewa na Intel mwaka 2006, na nyingi za ukoo huo zimepimwa kwa wati 65. Msomaji aliyewahi kugusa balbu ya zamani ya wati 60 ikiwa inawaka anajua joto hilo. Hebu fikiria sasa joto hilo lote limebanwa kwenye ukucha. Haliwezi kuachwa hapo. Kwa hiyo juu ya prosesa huwekwa kipozeo: bonge la alumini, mara nyingine lenye kitovu cha shaba, ambalo hulinyonya joto na kulitandaza kwenye mapezi, na juu ya mapezi feni hupuliza ili hewa ilichukue. Feni haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu, kama mama apepeaye mgonjwa: hewa ya chumba ikiwa nyuzi 32, kama ilivyo Tanga wakati wa kaskazi, hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya hapo.

Na kelele je? Mhimili wa feni ndogo kama ile huzunguka ndani ya kijibomba chenye mafuta kidogo, mara 2,000 au zaidi kwa dakika. Mafuta yakikauka na vumbi likiingia, mhimili hulegea, huyumba, hukwaruza. Huo ndio mlio wa asubuhi. Mafuta yangu ya cherehani yaliutuliza kwa siku tisa, kisha yakachanganyika na vumbi yakawa tope, na tope likaumaliza ule mzunguko uliobaki. Kimya nilichokifurahia kilikuwa cha kitu kilichokufa.

Lakini lililonikata maini ni hili la kuchelewa. Prosesa za namna hii, tangu Pentium 4 ya mwaka 2000, zimewekewa kinga ndani yake: zikihisi joto limepita kiasi, zinapunguza mwendo zenyewe ili joto lipungue, na zikiona haitoshi, zinazima mashine kabla hazijaungua. Si zote za enzi hizo zilikuwa na kinga ya kutosha. Mwaka 2001 waandishi wa Tom's Hardware walirekodi filamu wakiondoa kipozeo kwenye kompyuta zikiwa zinafanya kazi: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi, na Athlon mojawapo ikaungua na kutoa moshi. Yangu, kwa bahati, ilikuwa ya wale wanaojikinga. Asubuhi ilikuwa na kasi kwa kuwa ilikuwa imepoa usiku kucha. Ikifika saa nne ilikuwa imepata moto, nayo ikaanza kutembea polepole ili isife. Binti alikuwa ameieleza hitilafu ile neno kwa neno, kama daktari, na mimi nilimwuliza kama mashine imekunywa chai.

Tulikwenda na fundi kutafuta kipozeo. Angeweza kubadili feni peke yake, lakini mapezi ya kile cha zamani yalikuwa yamezibwa na blanketi la vumbi, tena pini mbili zilizokishikilia zilikuwa zimepasuka kwa joto na uzee. Kwenye duka la vipuri vya mitumba alichambua rundo zima akiwa na rula mkononi. Nilidhani kipozeo ni kipozeo tu. Kumbe matundu manne kwenye bodi kuu hukaa kwa vipimo maalumu: kwa soketi ya kompyuta yangu ni milimita 72 kutoka tundu hadi tundu, na kipozeo cha soketi nyingine hakiingii hata ukilia. Akatazama pia nyaya za feni kuwa ni nne: mmoja wa kurudisha umeme, mmoja wa volti 12, mmoja wa kuiarifu kompyuta feni inazunguka mara ngapi, na mmoja wa kuiamuru feni iongeze au ipunguze kasi. Ule waya wa tatu ndio uliokuwa umetoa taarifa siku zote ambazo sikutaka kuzisoma. Tukapata kimoja chenye kitovu cha shaba, feni yake ikizunguka kwa ncha ya kidole bila kukwaruza. Nililipa shilingi 12,000. Nilizihesabu nikijua kwamba zilikuwa pungufu ya nilizomkata binti.

Tuliporudi fundi hakuifanya kazi ile mwenyewe. Alimpa binti bisibisi, akasema, "Wewe ndiye unayekaa nayo. Fanya, mimi nitakuongoza." Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi. Binti alichomoa waya wa umeme ukutani kwanza, akagusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiidhuru bodi. Akachomoa waya wa feni. Akazungusha kila pini robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa juu yake, akaivuta juu, zote nne. Kabla ya kuinua alikitikisa kipozeo kushoto na kulia taratibu ili kiachane na prosesa pasipo kuing'oa. Kilipotoka tuliona dawa ya zamani iliyokuwa katikati yao: imekauka, imepasuka kama udongo wa jaruba baada ya mavuno.

Aliifuta kwa kitambaa kilicholowa spiriti ya hospitali mpaka chuma kikang'aa. Kisha fundi akampa bomba dogo la dawa mpya, nyeupe kama dawa ya meno, akamwambia aweke katikati ya prosesa kiasi cha punje ya mbaazi, asizidishe. Nilitaka kusema aongeze, kwani kwangu kingi ndicho kizuri, lakini siku ile nilikuwa nimejifunza kunyamaza. Kazi ya dawa ile ni kujaza nafasi ndogo ndogo ambazo macho hayazioni, pale chuma kinapolalia chuma. Nafasi hizo zikiachwa na hewa, joto halivuki vizuri. Ikizidi, yenyewe inakuwa tabaka la bure. Akakishusha kipozeo wima, akabonyeza pini kwa mshazari, hii na ile ya pembe ya pili, mpaka kila moja ikalia "ta!" Akageuza bodi kuhakikisha zote zimetokeza upande wa pili. Akachomeka waya wa feni, akahakikisha hakuna waya mwingine unaogusa mapanga.

Fundi aliwasha. Jambo la kwanza alilofanya ni kulirudisha lile onyo mahali pake. Tukasubiri robo saa, picha nne kubwa zikifunguliwa pamoja. Tulipotazama tena joto lilikuwa nyuzi 46. Feni ilisikika, naam, lakini kwa mvumo mdogo, kama wa nyuki aliye upande wa pili wa ua. Binti akafungua faili moja, likafunguka kabla hajaondoa kidole. Akatabasamu, halafu akakumbuka nipo, akaacha.

Nilijua lililobaki ni langu. Nilikuwa nimemtukana mbele za watu, na nilidhani ni haki niombe radhi mbele za watu, angalau mbele ya fundi na wateja wawili waliokuwa barazani. Nilitoa shilingi 15,000 nikaziweka mezani. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Hukuwa mzembe. Ulikuwa unasema kweli, nami nilikucheka." Si rahisi kwa mtu aliyeshika chaki miaka mingi kusema hivyo kwa mtoto ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake. Koo lilinikauka.

Alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kama kawaida yake. Nilitegemea aseme yameisha. Hakusema. Alikaa kimya, kisha akasema polepole, "Mwalimu, mimi sikuumia kwa pesa. Niliumia kwa kuwa nilikwambia."

Maneno hayo sijayasahau. Sisi wazee tunaipenda mno methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku ile mkuu ndiye ambaye hakusikia la mdogo, na guu lililovunjika lilikuwa lake. Niliambiwa na feni, nikaitia mafuta inyamaze. Niliambiwa na kompyuta yenyewe, kwa maandishi, nikayafuta. Niliambiwa na binti, nikamkata ujira. Mara zote tatu sikutaka kuujua ugonjwa. Nilitaka kelele ziishe.

Alifanya kazi nami miaka mitatu zaidi, hadi alipopata mtaji akafungua kibanda chake mwenyewe. Kompyuta ile ilitutumikia hadi mwaka 2019, ikafa kwa maradhi mengine. Katika muda huo wote tulikuwa na desturi moja: kila mwanzo wa mwezi yeye alifungua ubavu wa kasha, akashika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, akapangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, akasoma joto na kuliandika kwenye daftari. Nami nilijiwekea desturi yangu, ambayo haikuandikwa popote. Mfanyakazi akichelewa, nilimwuliza kwanza ni nini kinachompata, ndipo nikahesabu kurasa.

Ikiwa nawe msomaji unayo mashine inayokwaruza asubuhi, usiitie mafuta ya cherehani. Mtafute fundi, au shika bisibisi mwenyewe. Kazi yote ni ya saa moja, na kipozeo cha mtumba si ghali. Na ikiwa unaye mtu ambaye zamani alikuwa mwepesi na siku hizi amekuwa mzito, usiharakishe kumwita mvivu. Huenda kuna joto usilolijua, naye anatembea polepole ili asiungue.